Tumeambiwa mtoto apasuliwe nyonga: je, tumwone daktari mwingine?

Barua nyingi zilizotufikia kuhusu mifupa ya watoto zinauliza jambo moja: daktari amekwisha kutoa uamuzi, na mzazi hajui kama ana haki, muda au sababu ya kutosha ya kumwendea mwingine. Tumechagua nne. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari atakayemshika mtoto kwa mikono yake. Yanakusudiwa kumsaidia mzazi afike kwa daktari huyo akiwa amejiandaa.

SWALI: Binti yangu ana umri wa miezi 20. Alichelewa kidogo kutembea, na alipoanza tuliona anachechemea mguu wa kushoto, ingawa halii wala haonyeshi maumivu. Alipigwa eksirei, tukaambiwa kwamba nyonga yake haiko mahali pake, kwamba anahitaji upasuaji, na kwamba baadaye atakaa ndani ya plasta kuanzia kiunoni hadi miguuni. Daktari alizungumza nasi kwa muda mfupi sana. Mume wangu anaona kuwa tukitafuta daktari mwingine, huyu wa kwanza atakasirika na hatatupokea tena. Mimi naogopa kisu. Tufanye nini? *Mama wa binti wa pekee*

JIBU: Mama, pole kwa wasiwasi. Nianze na hofu ya mumeo, kwa kuwa ndiyo inayowazuia wazazi wengi. Kuomba maoni ya daktari wa pili si utovu wa adabu, wala si dalili ya kumdharau wa kwanza. Tamko la Lisbon kuhusu haki za mgonjwa, ambalo Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na kulirekebisha baadaye, linatambua kwamba mgonjwa anaweza kuomba maoni ya daktari mwingine katika hatua yoyote ya matibabu. Madaktari wanaowapasua watoto wamelizoea ombi hilo, na wao wenyewe huwaonyesha wenzao picha za wagonjwa wenye matatizo magumu. Inatosha kusema: "Daktari, tumekuelewa na tunakushukuru. Kwa kuwa huu ni upasuaji mkubwa kwa mtoto mdogo, tungependa bingwa mwingine azione picha zake kabla hatujatia saini fomu ya ridhaa. Tunaomba nakala za picha na muhtasari wa matibabu." Usisingizie kwamba mnahama au kwamba karatasi zimepotea. Uongo wa namna hiyo ukigundulika ndio unaoharibu uhusiano, na daktari huyu huenda mkamhitaji kwa miaka mingi.

Sasa nyonga yenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja kinapaswa kukaa ndani ya kikombe cha nyonga, na mtoto anapokua, kichwa na kikombe hupeana umbo. Kichwa kikiwa nje, kikombe hubaki na kina kidogo, misuli hufupika, na mtoto hutembea akichechemea bila maumivu, kama ulivyoeleza. Kutokuwepo kwa maumivu kusikupe matumaini yasiyo na msingi, kwa sababu kwa kawaida maumivu huja miaka mingi baadaye, gegedu la nyonga linapolika kabla ya wakati wake. Matibabu hutegemea sana umri. Kabla ya miezi 6 watoto wengi hutibiwa kwa mikanda laini, inayoitwa mikanda ya Pavlik, ambayo huyaweka mapaja yakiwa yamekunjwa na kupanuliwa. Kati ya miezi 6 na 18 hivi, madaktari mara nyingi hujaribu kuirudisha nyonga bila kuifungua, mtoto akiwa amepewa nusukaputi, kisha humfunga plasta. Baada ya hapo uwezekano wa kulazimika kuifungua nyonga huongezeka, na wakati mwingine mfupa wa paja au wa nyonga hukatwa na kupangwa upya ili kichwa kitulie ndani.

Kwa hiyo pendekezo mlilopewa si la ajabu kwa mtoto wa miezi 20. Nalisema hili mapema ili usiende kwa daktari wa pili ukitarajia akwambie kwamba kisu hakihitajiki. Huenda akakubaliana kabisa na wa kwanza, na hilo likitokea hamtakuwa mmepoteza kitu: mtatia saini mkijua mnachokubali. Nina shaka na mzazi anayezunguka kwa madaktari wanne au watano hadi ampate atakayemwambia anachotaka kusikia, maana mtu wa namna hiyo hupatikana siku zote, na si lazima awe ndiye anayejua zaidi.

Mahali ambapo mabingwa wawili wanaweza kutofautiana kwa nia njema ni katika aina ya upasuaji. Mmoja atataka kwanza kuichoma dawa ya rangi ndani ya nyonga mtoto akiwa usingizini, aone kwenye picha kama kichwa kinarudi bila kufungua. Mwingine atasema kwamba katika umri huu ni afadhali kufungua moja kwa moja. Mmoja atarekebisha mfupa wa nyonga siku hiyo hiyo. Mwingine atangoja aone kama kikombe kitaendelea kujijenga chenyewe baada ya kichwa kurudishwa. Hayo ndiyo ya kwenda kuyauliza. Ukiuliza tu "apasuliwe au asipasuliwe?" utarudi na neno moja lisilokusaidia. Ukiuliza "upasuaji upi, kwa nini huo na si ule, na tukingoja miezi sita nini kitabadilika?" utarudi na sababu ambazo unaweza kuzilinganisha na za daktari wa kwanza.

Muda mnao, ila si mwingi. Wiki chache za kutafuta maoni hazitarajiwi kubadilisha matokeo kwa mtoto aliye katika hali hiyo, lakini mwaka mzima unaweza kuyabadilisha, kwa kuwa uwezo wa kikombe kujirekebisha hupungua kadiri miaka inavyosonga. Ushauri wangu ni kwamba tarehe ya upasuaji mliyopewa msiifute. Iacheni ilivyo, na mmwone daktari wa pili kabla haijafika.

Huyo wa pili awe bingwa wa mifupa anayeshughulika na watoto kila siku, kwa sababu mfupa wa mtoto una sehemu za ukuaji ambazo zikiumizwa huathiri mguu kwa maisha yote, na daktari hodari wa magoti ya watu wazima si lazima awe na uzoefu huo. Awe pia nje ya timu ya wa kwanza. Wanaofanya kazi katika wodi moja, hasa mmoja akiwa alimfundisha mwenzake, mara nyingi hufikiri kwa njia moja, na hata wasipofanya hivyo ni vigumu mdogo kumpinga mkubwa wake.

Mpelekeeni picha zenyewe. Ripoti ya maandishi peke yake haitoshi, kwa kuwa mnachotaka kutoka kwake ni macho yake mwenyewe. Picha ya eksirei iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini hupoteza mengi, na pembe zinazopimwa juu yake haziaminiki. Ombeni faili halisi kwenye diski, au filamu yenyewe kama ndiyo iliyopo. Kila picha iwe na tarehe. Mkiwa nazo zilizo safi, mtoto hataongezewa mionzi bila sababu. Andikeni pia mambo ambayo hayamo kwenye faili: kama alizaliwa akiwa ametanguliza matako, kama kuna ndugu aliyepata tatizo la nyonga, alianza kutembea lini. Siku hizi baadhi ya mabingwa huangalia picha wakiwa mbali na kuzungumza na wazazi kwa video. Hilo linafaa kwa kuanzia, lakini nyonga ni kiungo kinachotaka kushikwa: kiasi inachofunguka na ukakamavu wa misuli havionekani kwenye skrini.

Kuna wanaoshauri kumficha daktari wa pili alichosema wa kwanza. Siafiki. Mwambieni tangu mwanzo kwamba mnatafuta maoni ya pili, lakini mwacheni kwanza amkague mtoto, azitazame picha na aseme lake. Kisha mwonyesheni pendekezo mlilopewa na mmwombe aeleze anapokubaliana nalo na anapotofautiana. Wote wawili waulizeni hatari ya kichwa cha mfupa kukosa damu baada ya kurudishwa, hatari ya nyonga kutoka tena, plasta itakaa wiki ngapi, na uwezekano wa upasuaji mwingine baadaye. Waulizeni pia wao binafsi hufanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka. Swali hilo huonekana la ujasiri kupita kiasi, lakini daktari anayeifanya kazi hiyo mara kwa mara hulijibu bila kusita.

SWALI: Mwanangu wa kiume alizaliwa na nyayo zote mbili zimepinda kwa ndani. Alifungwa plasta kila wiki, akakatwa kano ya kisigino, akapewa viatu vyenye fito katikati. Sasa ana miaka mitatu na mguu wa kulia umeanza kurudi ndani. Tumeambiwa afanyiwe upasuaji mkubwa wa kufungua viungo vya mguu. Nikiri kwamba vile viatu hatukumvalisha kama tulivyoagizwa. Nitafute daktari mwingine, au aibu hii ninyamaze nayo? *Baba wa wawili*

JIBU: Tafuta, baba, na jambo hilo la viatu liwe la kwanza kumwambia. Matibabu aliyoyapata mwanao ni ya njia ya Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, hadi alipofariki mwaka 2009. Katika njia hiyo plasta hunyoosha mguu, na viatu huuzuia usirudi. Huvaliwa takriban saa 23 kwa siku katika miezi 3 ya mwanzo, kisha wakati wa kulala hadi mtoto atimize miaka 4 hivi. Sababu kubwa ya mguu kurudi ni kutovaliwa kwa viatu hivyo, na kila daktari wa fani hiyo amewaona wazazi wengi waliochoka na vilio vya usiku. Ukimficha, atadhani kwamba mguu umeshinda matibabu kamili, na huenda akachagua njia kali kuliko inayohitajika.

Katika suala lako nina msimamo mkali kidogo kuliko katika barua iliyotangulia. Mguu uliorudi kwa mtoto wa miaka mitatu, kwa wafuasi wa njia ya Ponseti, kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa kurudia plasta chache, na mara nyingi baada ya hapo kwa upasuaji mdogo wa kuihamisha kano moja iliyo mbele ya kifundo ili iuvute mguu kuelekea nje. Upasuaji mkubwa wa kufungua viungo upo na una nafasi yake, lakini watu waliofanyiwa utotoni wamefuatiliwa hadi utu uzima, na wengi wao wameonekana kuwa na miguu migumu yenye maumivu. Kabla ya kuukubali, ni haki ya mwanao aonwe na mtu aliyefunzwa njia ya Ponseti na anayetibu miguu iliyorudi, wala si ile ya watoto wachanga peke yake. Mwulize waziwazi: "Je, plasta na kuhamisha kano vinaweza kutosha?" Akisema haviwezi, akueleze ni kitu gani katika mguu huu kinachozuia. Mwombe pia aukague mgongo na mishipa ya fahamu ya mtoto, kwa kuwa mguu unaorudi mara kwa mara licha ya viatu kuvaliwa vizuri wakati mwingine una chanzo kingine.

SWALI: Tulifuata ushauri wa kutafuta daktari wa pili, na sasa tumechanganyikiwa zaidi. Binti yetu wa miaka 12 ana uti wa mgongo uliopinda upande. Daktari wa kwanza alipima nyuzi 28 na kusema avae koti gumu la kunyoosha mgongo. Wa pili, kwa picha ile ile, alipima nyuzi 24 na kusema tungoje. Tumwamini nani? *Wazazi waliogawanyika*

JIBU: Kwanza wekeni kando nyuzi hizo 4, maana hazimaanishi kwamba mmoja wao amekosea. Pembe ya mgongo hupimwa kwa njia iliyoelezwa na John Cobb mwaka 1948, kwa kuchora mistari juu ya pingili zilizoinama zaidi, na watu wawili waangalifu wakiipima picha moja wanaweza kutofautiana kwa nyuzi 5 hivi. Madaktari wenu wameona mgongo uleule. Wanachotofautiana ni hatua ya kuchukua, na hilo linaamuliwa zaidi na kiasi cha ukuaji kilichobaki kuliko na pembe yenyewe.

Binti wa miaka 12 ambaye hajavunja ungo na anayerefuka kwa kasi yuko katika kipindi ambacho mgongo huweza kupinda zaidi kwa miezi michache. Aliyevunja ungo miaka miwili iliyopita na ambaye urefu wake umekaribia kusimama yuko mahali tofauti kabisa, hata kama pembe zao ni sawa. Barua yenu haisemi binti yuko upande gani. Sishangai, kwa kuwa wazazi wengi hurudi nyumbani wakiwa wameshika namba ya nyuzi tu. Waulizeni madaktari wote wawili wanadhani umri wa mifupa yake ni upi, na wamelijuaje hilo: kwa picha ya mkono, kwa ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, au kwa kukisia tu.

Kuhusu koti, ushahidi upo na ni vyema muujue. Utafiti uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 uliwahusisha watoto wa miaka 10 hadi 15 wenye pembe za nyuzi 20 hadi 40 na ambao bado walikuwa wakikua. Miongoni mwa waliovaa koti, asilimia 72 walimaliza kukua bila mgongo kufikia nyuzi 50. Miongoni mwa waliofuatiliwa bila koti, waliofanikiwa hivyo walikuwa asilimia 48. Waliolivaa kwa wastani wa zaidi ya saa 12.9 kwa siku walifanikiwa kwa asilimia 90 au zaidi. Tazameni takwimu hizo kwa pande zote mbili: koti linasaidia, na linasaidia zaidi likivaliwa kweli, lakini karibu nusu ya wasiolivaa nao walimaliza salama. Ndiyo maana daktari mmoja anaweza kusema "avae" na mwenzake akasema "tungoje", na wote wawili wakawa wanajua wanachokisema.

Msikimbilie daktari wa tatu ili apige kura ya turufu. Rudini kwa wa pili mwambieni alichosema wa kwanza, au muombe wawasiliane, mtake kujua ni jambo gani hasa lingembadilisha kila mmoja mawazo. Kama uamuzi ni kungoja, kungoja huko kuwe na tarehe: picha nyingine baada ya miezi 4 hadi 6, ipimwe na mtu yuleyule aliyeipima ya kwanza, na mkubaliane kabisa ni ongezeko la nyuzi ngapi litakaloanzisha koti. Na binti mwenyewe aulizwe. Ana miaka 12, yeye ndiye atakayelala nalo na kwenda nalo shuleni, na koti ambalo halitaki litaishia uvunguni mwa kitanda, hata kama wazazi wake wamekwisha kukubaliana.

SWALI: Mwanangu wa miezi 18 ana matege. Daktari amesema tumwache, yataondoka yenyewe. Mama mkwe anasema daktari huyo ni mvivu, na kwamba nitafute mwingine atakayempa viatu maalumu. Nifanyeje? *Mkwe mtiifu*

JIBU: Mpe mama heshima yake, lakini katika hili daktari wako ana hoja. Miguu ya watoto wengi huwa na matege hadi karibu na miaka 2, kisha magoti huanza kugongana, jambo ambalo huonekana zaidi kati ya miaka 3 na 4, na kufikia miaka 7 hivi miguu huwa imenyooka kama ya mtu mzima. Viatu maalumu haviharakishi mwendo huo. Daktari wa pili utamhitaji ikiwa mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, ikiwa matege yanaongezeka baada ya miaka 2, ikiwa mtoto ni mfupi sana kuliko wenzake, au ikiwa ana maumivu. Hapo utaomba eksirei na vipimo vya damu vya vitamini D na madini ya mifupa, ili ijulikane kama ana matege ya kawaida au ana ugonjwa. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, mpige picha akiwa amesimama, vifundo vimegusana na magoti yakitazama mbele, urudie baada ya miezi sita, uende nazo kliniki. Picha hizo mbili zitamtuliza mama mkwe kuliko maelezo yangu.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa ajili ya wasomaji wote wa safu hii. Yote niliyosema juu ya kutafuta daktari wa pili yanahusu matatizo yanayotembea polepole. Mtoto mwenye homa anayekataa ghafla kuutumia mguu au kukanyaga, mwenye kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, aliyevunjika mkono na vidole vikawa baridi au vyeupe, au kijana wa miaka kama 12 anayechechemea kwa maumivu ya nyonga au goti na kushindwa kukanyaga, hana wiki za kungoja. Anahitaji hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Kama mtataka maoni ya pili juu ya matibabu atakayopewa, muyaombe akiwa tayari amelazwa na anahudumiwa.